Neno Refu Hukatwa Wapi? Historia ya Silabi na Usomaji kati ya Jinja na Mbale

Utangulizi

Ukisafiri kutoka Jinja kwenda Mbale kwa kupitia Iganga, Tirinyi na Budaka, utasikia lugha tatu za Kibantu kabla hujashuka garini: Lusoga, Lugwere na Lumasaaba. Ni lugha ndugu, na msemaji wa moja akitega sikio hushika mengi ya mwenzake. Lakini mpe kila mmoja ukurasa wa lugha ya jirani asome kwa sauti, nawe utaona neno refu linamkwaza. Hajui akate wapi, avute wapi, akaze wapi. Insha hii inalichunguza jambo hilo kihistoria. Swali langu ni hili: ni nani aliyeamua mahali pa kukata maneno marefu katika vitabu vya Uganda ya mashariki, na uamuzi huo umemwachia nini mtoto anayejifunza kusoma leo?

Hoja yangu ni kwamba mdomo una silabi zake tangu zamani, lakini ukurasa hupewa silabi na mwenye kalamu. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, mwenye kalamu Jinja na Mbale alikuwa jirani. Watoto walijifunza kusoma kwa kufuata mapigo ya lugha ambayo si ya nyumbani kwao. Sasa Kiswahili kinaingia madarasani, na sisi tunaokisomea ndio tutakaoshika kalamu hiyo. Kwa sababu hiyo historia hii inatuhusu zaidi kuliko inavyoonekana.

Kwanza neno moja kuhusu majina. Wenyewe husema Luganda, Lusoga na Lumasaaba. Kuanzia hapa nitaandika Kiganda, Kisoga na Kimasaaba, kama ilivyo desturi ya Kiswahili. Msomaji azingatie kwamba hata hapo nimekwisha kukata kiambishi cha watu na kubandika cha kwangu. Tabia hiyo ni ya zamani, na tutaiona inakotoka.

Urefu wa neno ni wa aina gani?

Lugha zenye maneno marefu ni nyingi duniani, ila urefu wake si wa aina moja. Kidenishi, lugha ya Denmaki, hufunga nomino kwa nomino. Neno arbejdsløshedsunderstøttelse, yaani fedha za kumsaidia asiye na kazi, lina silabi tisa na halina nafasi hata moja katikati. Mdenishi hapotei, kwa kuwa anavijua viungo vyake: kazi, ukosefu, msaada, na herufi s iliyoshona vipande viwili vya mwanzo na kile cha mwisho. Zaidi ya hayo, Kidenishi kina mkwamo wa sauti kooni uitwao stød, ambao unaweza kutofautisha maana ya maneno lakini hauna alama yake katika maandishi. Mgeni anaziona herufi zote na bado hawezi kulitamka neno sawasawa.

Lugha zetu hazifungi nomino kwa kiasi hicho. Sisi tunakibebesha kitenzi viambishi. Kiswahili husema tutakapowasomesha: tu-ta-ka-po-wa-so-me-sha, silabi nane. Kiganda husema tetulibasomesa, yaani hatutawasomesha katika siku za mbali: te-tu-li-ba-so-me-sa, silabi saba. Kwa macho, maneno haya mawili yanafanana sana. Hata mzizi ni mmoja. Kwa masikio, yako mbali. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo msikilizaji akisikia me anajua neno linakaribia kuisha. Mkazo huo unafanya kazi ya uzio kati ya neno na neno. Kiganda hakina uzio wa namna hiyo. Kina toni, na kina urefu wa sauti.

Urefu huo si pambo. Katika Kiganda okusika ni kuvuta na okusiika ni kukaanga. Okusima ni kuchimba na okusiima ni kuridhika na jambo au kulikubali. Konsonanti nazo hukazwa: okuta ni kuachilia, okutta ni kuua. Ukihesabu silabi peke yake, okuta na okutta ni sawa, o-ku-ta na o-ku-tta, tatu kwa tatu. Tofauti imo katika uzito. Basi mwalimu anayemfundisha mtoto kuhesabu silabi bila kuzipima amemfundisha nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo inayotenganisha kumwachilia mtu na kumuua.

Wasomi wa kwanza

Usomaji wa herufi za Kirumi uliingia Buganda kwa msaada wa Kiswahili. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipoondoka kwa Kabaka Mutesa alimwachia kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa Unguja na misheni ya UMCA, ili amsomee na kumfasiria Biblia. Wamisionari wa CMS walifika mwaka 1877, na Wakatoliki wa shirika la White Fathers wakafuata mwaka 1879. Katika miaka hiyo ya mwanzo, kabla vitabu vya Kiganda havijachapwa vya kutosha, vitabu vya Kiswahili vilitumika.

Kiswahili kilikuwa kimetangulia hata kwenye ramani. John Hanning Speke alifika Julai 1862 mahali Nile inapotoka ziwani, karibu na ulipo mji wa Jinja leo. Yeye, na Stanley baada yake, waliandika Usoga, Unyoro na Uganda, kwa sababu habari zao zilipita katika midomo ya wakalimani waliosema Kiswahili. Kiambishi bu- kilikatwa kikawekwa u-. Baadaye Busoga na Bunyoro zilirudishiwa b zao katika maandishi, lakini nchi nzima haikurudishiwa. Hadi leo jina la taifa letu ni jina la Buganda lililokatwa kwa mdomo wa Mswahili, nasi tunaliimba katika wimbo wa taifa bila kuona ajabu.

Jinja nayo ina kisa chake. Neno hilo ni la jiwe au mwamba. Kisoga husema idhindha, Kiganda ejjinja. Mji uliojengwa kando ya mto wa Wasoga ulipata jina lenye umbo la Kiganda, tena lililopunguzwa: irabu ya mwanzo imekatwa na j iliyokazwa imekuwa j ya kawaida. Na sisi wa Kiswahili tuangalie hapa. Ile dh ya Kisoga si dh ya dhahabu. Ni kipasuo: ncha ya ulimi hugusa meno, pumzi huzuiwa, kisha huachiliwa. Mtu wa pwani akiona dhaadha, neno la Kisoga la babu au bibi, ataliita kwa sauti ambayo hakuna mjukuu wa Busoga atakayeitikia.

Wale wanafunzi wa kwanza waliitwa abasomi, wasomaji, na jina hilo lilikuja kumaanisha Wakristo wenyewe. Walianza na karatasi za kusomea zilizoitwa mateka, wakapanda kutoka herufi hadi silabi, na kutoka silabi hadi maneno. Njia ya ba, be, bi, bo, bu inazifaa sana lugha zetu, kwa kuwa karibu kila silabi huishia kwa irabu. Mtu mzima aliweza kuanza kusoma baada ya muda mfupi. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba jedwali la ba, be, bi linahesabu tu. Halina safu ya baa wala ya bba. Msemaji wa Kiganda hakuumia sana, kwa kuwa aliujaza uzito kutoka kichwani mwake: akiliona neno, masikio yake yanamwambia lipi linavutwa. Shida ilianza jedwali lilipovuka mto Nile.

Njia ya Kakungulu

Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896, kazi ya George Pilkington wa CMS pamoja na Mganda Henry Wright Duta Kitakule. Mwaka uliofuata, Desemba 1897, Pilkington aliuawa Busoga, kwenye ngome ya Luba, katika vita dhidi ya askari wa Kisudani walioasi. Mfasiri wa Kiganda alifia katika ardhi ya Wasoga, na tafsiri yake ndiyo iliyosomwa makanisani huko kwa miongo mingi iliyofuata.

Aliyeifungua njia ya utawala alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 alikaa Budaka, kisha akahamia Mbale na kuukuza mji huo. Mwaka 1906 alipelekwa Busoga kuwa mkuu wa baraza la machifu, akabaki katika kazi hiyo hadi 1913. Maisha ya mtu mmoja yameunganisha miji yangu miwili. Nyuma yake walikuja mawakala wa Kiganda, makarani na walimu wa dini. Barua za machifu, mashauri ya baraza, sala na masomo ya shule vikaenda kwa Kiganda.

Je, ilikuwa ni kwa sababu Kimasaaba hakikuweza kuandikwa? Hapana. Mwaka 1907 John Bremner Purvis, mmisionari wa CMS aliyefanya kazi chini ya Mlima Masaba, alichapisha London kitabu A Manual of Lumasaba Grammar. Sarufi ilikuwapo mapema namna hiyo. Kilichokosekana ni fedha za kuchapa vitabu kwa kila lugha na nia ya serikali ya kuwa na makarani wa lugha nyingi. Kiganda kilikuwa na Biblia, walimu na jeshi. Kwa hiyo uamuzi wa kukifundisha mashariki ulifuata nguvu na gharama, wala haukutokana na upungufu wowote wa lugha za wenyeji.

Hata jina la kitabu cha Purvis lina somo ndani yake. Ameandika Lumasaba, a moja katikati. Mwaka 1972 mtaalamu wa fonolojia Gillian Brown alipochapisha utafiti wake juu ya lahaja za lugha hiyo hiyo, Phonological Rules and Dialect Variation, aliandika Lumasaaba, a mbili. Miaka 65 imepita kati ya kitabu na kitabu, na ndani ya miaka hiyo irabu moja ilikuwa inangoja kupimwa.

Jicho la Kiganda, mdomo wa Kimasaaba

Mama yangu ni mzaliwa wa Mbale, na mama yake, ambaye tunamwita kukhu, alisomeshwa kwa Kiganda. Nilipomtembelea wakati wa likizo nilimwomba anisomee kifungu katika Biblia yake ya Kiganda. Nilitega sikio nikifuata maandishi kwa kidole. Palipoandikwa abantu, yeye alisoma babandu bila kusita. Nilipomwonyesha kwamba ukurasa unasema vingine, alinijibu kuwa ukurasa unasema hivyo hivyo, mimi ndiye niliyesoma polepole.

Jibu lake lilinifikirisha sana. Kwake kusoma kulikuwa kufasiri. Jicho lilipokea silabi za Kiganda na mdomo ukatoa za Kimasaaba. Naamini wako wengi wa rika lake, Bugisu na Busoga, waliofanya hivyo. Ni ujuzi mkubwa. Lakini tujiulize juu ya waliokuwa darasani pamoja naye na hawakuweza kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Hao ndio walioitwa wazito wa kuelewa, wakarudishwa nyumbani kuchunga mbuzi na kuchuma kahawa.

Tofauti kati ya abantu na babandu inafaa kuelezwa. Katika Kiganda nomino huanza na irabu moja, kisha kiambishi: o-mu-ti, mti, e-mi-ti, miti. Katika Kimasaaba sehemu ya irabu hiyo hukaa silabi kamili katika ngeli nyingi: ku-mu-sala, mti, ki-mi-sala, miti, ba-ba-ndu, watu. Sasa mtu aliyefunzwa kwa Kiganda akiona kumusala atakata wapi? Katika Kiganda ku ni neno linalojitegemea, na ku muti maana yake ni juu ya mti au mtini. Kwa hiyo jicho lake litaikata ku, iwe kiambishi cha mahali, na mti uliokuwa umesimama peke yake utageuka kuwa mahali pa kukaa ndege. Kosa hilo halitokani na ujinga wa msomaji. Anatumia sawasawa kanuni aliyofundishwa, ila kanuni ni ya nyumba nyingine.

Ukitaka kuona kukatwa huko sokoni, ulizia yale machipukizi ya mianzi ya Mlima Masaba yanayokaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga. Wenyewe husema kamalewa. Kampala yanauzwa kwa jina la malewa. Ka ya wenyewe imeangushwa njiani, na leo hata vijana wa Mbale tunasema malewa kama wageni.

Mwaka 1947 na sauti zilizoachwa nje

Kiganda chenyewe hakikuwa na tahajia moja. Waprotestanti na Wakatoliki walitofautiana katika maandishi yao, hadi mkutano wa mwaka 1947 ulipokubaliana juu ya tahajia sanifu. Irabu ndefu ikaandikwa kwa herufi mbili, na konsonanti iliyokazwa vivyo hivyo. Pale ambapo urefu unatabirika haukuandikwa: katika omuntu irabu iliyo kabla ya nt huvutwa yenyewe, kwa hiyo u moja inatosha. Kwa Kiganda hiyo ni kanuni nzuri na ya uangalifu. Ilirudisha kwenye ukurasa ule uzito ambao jedwali la silabi lilikuwa limeuacha.

Lakini kanuni hiyo ilipimwa kwa mdomo wa Mganda. Mtoto wa Kisoga aliipokea kama shati la kaka. Mahali pengi ambapo Kiganda hukaza konsonanti, Kisoga huweka irabu i mbele yake. Kiganda husema eggwanga, taifa, Kisoga eigwanga. Kiganda eggi, yai, Kisoga eigi. Kiganda eggwanika, ghala, Kisoga eiwanika. Kwingine uzito umehama kutoka konsonanti kwenda kwenye irabu: maji ni amazzi kwa Kiganda, a-ma-zzi, na ni amaadhi kwa Kisoga, a-maa-dhi. Ukizipima lugha hizi mbili utaona zimerithi mzigo mmoja, ila kila moja imeubeba kwa bega lake.

Katika shule moja niliyosoma Jinja tulifundishwa kupiga makofi kwa kila silabi. Chati zilizokuwa ukutani zilikuwa za Kiganda, na wengi wetu tulitoka nyumba za Kisoga. Mwalimu alisema eggwanga, tukapiga makofi matatu, na kila mtu akaridhika. Siku mmoja wetu aliposema kwa lugha ya nyumbani, eigwanga, darasa liligawanyika. Wengine walipiga tatu, ei-gwa-nga, wengine nne, e-i-gwa-nga. Mwalimu alikata shauri kwa kusema kwamba neno hilo halimo kwenye chati. Tulikaa kimya. Yule aliyelisema hakunyosha tena mkono katika kipindi hicho, na kwa mtoto wa darasa la pili hiyo ni hasara kubwa kuliko kukosea hesabu ya makofi.

Kisoga na Kimasaaba vyashika kalamu

Hali hiyo imeanza kubadilika. Mjini Jinja, Cultural Research Centre, kituo cha Jimbo Katoliki la Jinja, kimechapisha vitabu vya Kisoga na vya utamaduni wa Busoga. Mwaka 2007 serikali ilianzisha mtaala ambao unataka madarasa matatu ya kwanza ya msingi yafundishwe kwa lugha ya eneo. Mwaka 2009 Minah Nabirye alitoa Eiwanika ly'Olusoga, kamusi ya Kisoga kwa Kisoga. Tazameni jina lake: umbo lile lile lililokataliwa na chati, lenye ei mwanzoni, sasa liko kwenye jalada la kamusi. Mwaka 2016 Nabirye pamoja na Gilles-Maurice de Schryver na Jo Verhoeven walichapisha maelezo ya matamshi ya Kisoga katika jarida la Chama cha Kimataifa cha Fonetiki. Sauti zilizokuwa zikisahihishwa darasani kama matamshi mabaya zimeandikwa humo kwa alama zake, zimepimwa, zimetambuliwa.

Upande wa Mbale kazi ni ngumu zaidi. Kimasaaba kina lahaja nyingi, na msemaji wa Ludadiri upande wa kaskazini hatamki kila neno kama yule wa kusini. Mwandishi wa kitabu cha shule analazimika kuchagua: aandike babandu au babaandu? Aandike kila urefu unaosikika, au ule tu usiotabirika, kama Waganda walivyofanya mwaka 1947? Akiandika kila kitu ukurasa utajaa irabu. Akipunguza, mtoto atahitaji kuijua kanuni kabla ya kusoma. Hakuna jibu lisilo na gharama. Ninachosisitiza ni kwamba safari hii wanaoulizana swali hilo ni wenye lugha.

Tusiwe pia wachoyo wa shukrani. Bila vitabu vya Kiganda, babu na bibi zetu wengi wasingesoma kabisa. Kiganda kiliwafungulia magazeti, kazi za ukarani na mawasiliano kutoka Kampala hadi Mbale. Wapo wanaosema kwamba lingekuwa jambo la busara kubaki na lugha moja yenye vitabu tayari. Naiheshimu hoja hiyo. Ila inahesabu waliovuka na kuwasahau waliozama.

Zamu ya Kiswahili

Kiswahili kimebishaniwa Uganda kwa muda mrefu. Gavana William Gowers alikipendekeza mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa akakipinga mwaka 1929. Mwaka 1972 wajumbe wa wilaya walipiga kura, wilaya 12 zikakichagua dhidi ya 8 zilizotaka Kiganda, na mwaka 1973 Idi Amin akatangaza kuwa ni lugha ya taifa. Mwaka 2005 marekebisho ya katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Jinja na Mbale zilikuwa zimekizoea tangu zamani kupitia reli, kambi za askari, viwanda na masoko, bila kungoja tangazo.

Mdomo wa wenyeji nao haukukipokea kikiwa kizima. Ulikikata upya. Kiswahili husema barua, ba-ru-a. Kiganda hakipendi irabu mbili tofauti zikae jirani hivyo, kwa hiyo kimetia w na kukaza mwanzo: ebbaluwa. Saa imekuwa essaawa. Mzee amekuwa muzeeyi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Jinja au Mbale anaposema mutu badala ya mtu, na mutoto badala ya mtoto, mwalimu asimcheke. Katika lugha zake m hiyo huwa na irabu yake, omuntu, na hajawahi kuona m ikisimama peke yake kama silabi. Anajenga nyumba kwa matofali aliyonayo.

Tena Kiswahili chenyewe kinaficha silabi kama wengine. Chukua neno mbuni. Likiwa ni ndege mkubwa asiyeruka, lina silabi mbili: mbu-ni. Likiwa ni mtu anayebuni, au mti wa kahawa kama ile ya miteremko ya Masaba, lina silabi tatu: m-bu-ni. Tahajia ni moja. Wala tahajia hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilisawazishwa katika miaka ya 1920 na 1930 kwa kufuata Kiunguja, na Kamati ya Kiswahili iliyoilinda ilikuwa na makao yake Makerere, Kampala, katika miaka ya 1950. Wenzetu wa Mombasa na wa Pemba wanajua vizuri maana ya kusoma silabi za jirani.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba kati ya Jinja na Mbale maneno marefu yamekatwa na mikono mitatu: wa Kiswahili kwenye ramani na majina, wa Kiganda kanisani na shuleni, na hatimaye wa wenyeji katika kamusi na mtaala. Kila mkono ulifuata mapigo ya lugha yake.

Kutokana na historia hiyo napendekeza mambo matatu kwa wenzangu tutakaokwenda kufundisha katika miji hii. Kwanza, tumfundishe mtoto kulikata neno refu kwa maana kabla ya kulikata kwa makofi: tu ni nani, ta ni lini, wa ni nani. Akishaviona viungo, silabi zitajipanga. Pili, tumwambie wazi kwamba kila lugha ina mapigo yake: Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, lugha ya nyumbani hupima urefu na toni, na hakuna inayoisahihisha nyingine. Barua na ebbaluwa zikiandikwa ubaoni pamoja zinatosha kuanzisha somo hilo. Tatu, mtoto akitaja neno ambalo halimo kwenye chati yetu, tuliandike pembeni mwa chati na tumwombe alikate yeye mwenyewe.

Shule zitahitaji walimu wengi wa Kiswahili katika miaka michache ijayo, na baadhi yao watakuwa ni sisi. Tutapewa chati zilizochapwa mbali na Jinja, mbali zaidi na Mbale. Tutakapozitundika ukutani, katika madawati kutakuwa na watoto wanaosema eigwanga na babandu, na wataanza kwa kutusikiliza sisi tunakata wapi.